Ugoro wa Susu na Mguu wa Ndugu Yangu

Cherehani ya ndugu yangu mdogo ni ya kukanyaga. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya mguu wake huuliza atatembeaje, na kutembea kulikuwa shida ya mwisho. Yeye ni fundi wa nguo pale Kabati. Anashona sare za shule na magauni ya kwaya, na kila shati lililotoka mikononi mwake lilitoka kwanza miguuni. Kwa hiyo kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kilipoanza kuwa cheusi, na wiki chache baadaye cha pili kikafuata, hakwenda hospitali. Alipaka mafuta ya mgando, akavaa soksi, akaendelea kushona. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini yeye alifichuliwa na harufu. Wateja walianza kuagizia nguo zao wakiwa mlangoni.

Daktari aliyempima Kitui mjini alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema mishipa ya damu ya miguuni inaziba, na kinachoiziba ni tumbaku, si sigara peke yake, hata ugoro. Akiacha kabisa, mguu una nafasi ya kupona. Asipoacha, watakata vidole, kisha unyayo, kisha chini ya goti, na hakuna dawa itakayozuia. "Nusu nusu haisaidii," alisema. Ndugu yangu akaitikia kwa kichwa kana kwamba anapewa vipimo vya suruali. Tulipofika nje ya lango, mkono wake ulikuwa tayari umeingia mfukoni.

Niliuchapa mkono ule. Mwanamume mzima, mwenye watoto wa sekondari, nilimchapa mbele ya wauza ndizi. Hakukasirika.

"Mwana wa mwaitu," aliniambia, "unafikiria mimi sitaki?"

Mwana wa mwaitu ni mtoto wa mama yangu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyoitana ndugu kwa ndugu jambo likiwa zito. Nilimshika kiwiko, tukaenda kutafuta matatu.

Tulilelewa Matinyani, nyumbani kwa susu, nyanya yetu mzaa baba. Ndugu yangu alipewa jina la marehemu mume wa susu, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza wa kiume, na kwa sababu hiyo susu hakuwahi kumwita mjukuu. Alimwita "mume wangu". Alimwekea kigoda chake, akamkatia kipande cha nyama cha mwenye nyumba, na akija mgeni alimwambia asubiri mume wake atoke shule. Sisi wengine tulicheka, lakini nyama hatukupewa. Yule mume wa kwanza alivuta kiko mpaka akafa, na susu mwenyewe alikuwa mtu wa ugoro. Kopo lake la bati lilikaa kwenye pindo la leso, na kabla ya kulifungua aliligonga mara tatu kwa ukucha. Nikisikia mtu akigonga bati hata leo, pua yangu huwasha.

Siku moja, mimi nikiwa na miaka tisa na yeye saba, tuliliiba lile kopo tukaenda nyuma ya ghala la mahindi. Ugoro uleule, kipimo kilekile cha vidole viwili. Mimi nilitapika mpaka jioni. Kichwa kilizunguka, jasho lilinitoka, nikaapa kwa Mungu na kwa mama sitarudia, na sijarudia. Yeye alipiga chafya mara moja, akapangusa pua kwa mkono wa shati, akaniuliza kama kuna ingine imebaki.

Susu alipojua hakumpiga. Alisema mume wake amerudi kamili. Na alipokuwa anakufa, miaka kadhaa baadaye, hakutaka uji wala maji. Alimwita ndugu yangu, na ndiye aliyemwekea puani ugoro wake wa mwisho.

Kwa zaidi ya miaka arobaini niliamini kwamba yaliyotokea nyuma ya ghala yalikuwa suala la tabia. Mimi nina msimamo, yeye hana. Niliamini hivyo kwa raha kabisa, na nilimhubiria kwa raha. Kanisani kwetu ameitwa mbele mara tatu. Mara ya tatu mchungaji alimwekea mkono kichwani akaikemea roho ya tumbaku mpaka sauti ikamkauka, na sisi akina mama tukapiga vigelegele, mimi nikiwa wa kwanza. Alishinda siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilimkuta nyuma ya kibanda chake amechuchumaa, moshi unamtoka, machozi yanamtoka. Nikamwambia hana imani. Natamani ningemeza maneno hayo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa kutembea nyumba kwa nyumba na begi la buluu. Mwaka jana walikuja watafiti wa chuo kikuu, wakahitaji mtu wa kutafsiri Kikamba na kujaza fomu, nikachukuliwa. Kiongozi wao alikuwa msichana mpole, mwembamba, ambaye watu walimwita daktari ingawa alikataa kila mara. Walikuwa wanakusanya mate ya watu wanaotumia tumbaku na wasiotumia, kutafuta kilichomo ndani ya mwili kinachomfanya mmoja aache na mwingine ashindwe. Siku ya kwanza nilimwambia, kwa heshima, kwamba kilichomo ni uzembe.

Alicheka. Kisha akanieleza, tukiwa tumekaa kwenye baraza ya zahanati na vikombe vya chai.

"Ini ndilo linavunja nikotini, mama. Kuna watu ini lao linaivunja haraka sana. Ikiisha mwilini, mwili unaitisha ingine. Wengine linaivunja polepole, hao wanatosheka na kidogo. Na kuna wengine wakionja tu wanaugua, hawarudi tena."

Nilihisi nimerudi nyuma ya ghala.

"Na hiyo mtu anazaliwa nayo?"

"Kwa sehemu. Si kitu kimoja, ni vingi vidogo vidogo, kila kimoja kinasukuma kidogo. Na vinatofautiana, watu wa huku si kama watu wa kule. Shida ni kwamba mengi tunayojua tuliyapata kwa watu wa mbali. Nyinyi hamjapimwa sana. Ndiyo maana tumekuja."

Niliona aibu. Nilikuwa nimemchapa mtu kwa sababu ya ini lake. Jioni hiyo hiyo nilipita Kabati nikamwambia ndugu yangu, na wiki iliyofuata nikampeleka mwenyewe kwa watafiti. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akihangaika kujaza kile kichupa, kwa sababu mdomo wa mvutaji ni mkavu. Fomu nilijaza mimi. Kulikuwa na ukurasa wa ndugu wa damu waliotumia tumbaku, na mstari wa kwanza niliouandika ulikuwa wa nyanya mzaa baba. Ndiyo, sana.

"Andika sana sana," ndugu yangu alisema nyuma ya bega langu.

Kisha akamuuliza yule msichana majibu yatakuja lini. Akaambiwa hakuna majibu ya mtu mmoja mmoja. Wanaangalia watu wengi kwa pamoja.

"Kwa hivyo munachukua mate yangu na mimi sijui kitu?"

"Pole."

"Na dawa?"

"Pole sana."

Niliichukia ile pole. Lakini ndugu yangu alitoka pale na uso tofauti. Alikuwa amepata jambo moja alilolitaka. Si mapepo, si uvivu, si kukosa imani. Alizaliwa nayo.

"Kumbe ni susu," aliniambia njiani, akichechemea. "Ni yeye alinipatia. Basi ni yeye nitaongea na yeye."

Jumamosi asubuhi alikwenda Matinyani. Nilimsindikiza, lakini nilisimama mbali karibu na mbaazi, kwa sababu mimi nimeokoka na mambo ya kuwapa wafu tumbaku tuliyaacha kwa wazee wa zamani. Alikuwa na kopo jipya la ugoro na pakiti nzima ya sigara. Alipiga goti moja kwenye kaburi la susu, mguu mbaya ameunyoosha pembeni, akaligonga kopo mara tatu kwa ukucha. Akamwaga ugoro wote. Akazivunja sigara moja moja juu ya mawe.

"Susu, hii ni yako. Chukua yote. Niachie mguu."

Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi, tukarudi.

Na akaacha. Sijui nieleze vipi ili niaminike. Aliacha. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kama nyuki wa Kitui, aligombana na kila mteja, akashona mfuko wa shati ndani nje. Wiki ya pili alitafuna mbaazi za kukaanga toka asubuhi hadi jioni. Ulipofika mwezi, vile vidole viwili vilikauka bila kuoza zaidi, na ngozi ya juu ya mguu ikarudisha rangi. Daktari aliubonyeza kwa dole gumba, akatazama damu ikirudi, akasema aendelee hivyo hivyo. Mchungaji alitangaza ushindi kanisani kana kwamba kaburi lilikuwa la kwake. Nilimwachia. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nijifungue mtoto wangu wa mwisho, na mwenye furaha hagombanii sifa.

Ni mimi niliyeharibu.

Tulikuwa upande wa Mutomo, nyumbani kwa mzee mmoja mwenye mbuzi wengi na pua ya kahawia kwa ugoro. Yule msichana mtafiti alimwandika nyanya ya mzee kwenye mstari wa kwanza wa ndugu wa damu, kama nilivyomfundisha. Kisha mzee, katika kuzungumza, akasema nyanya yake huyo ndiye aliyemlipia mama mzazi wa baba yake mahari. Nikainua mkono. Nilimweleza yule msichana kwa sauti ya mwalimu. Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto anaweza kuoa mwanamke mwenzake, na mke huyo anaitwa iweto. Anamtolea mbuzi na ng'ombe, na watoto watakaozaliwa ni wake yeye aliyeoa na wa marehemu mume wake. Mwanamume aliyemtia mimba hana sauti, wala hatajwi. Kwa hiyo nyanya huyu, nikasema, kwa mila ni nyanya, lakini kwa fomu yako si wa damu. Kata. Nikaichukua kalamu nikakata mwenyewe, kwa mstari mmoja ulionyooka.

Kalamu ikabaki hewani.

Kwa sababu nyumbani kwetu Matinyani kulikuwa na nyanya wawili. Kulikuwa na susu mwenye kopo, na kulikuwa na susu mdogo, aliyepika, aliyelima, aliyechukia harufu ya ugoro, na ambaye ndiye aliyemzaa baba yetu. Susu alimwoa. Kujua tulijua, lakini tulijua kwa namna ya mtu anayekaa juu ya mwamba bila kuufikiria. Susu alikuwa susu. Hakuna mtoto aliyewahi kukaa akauliza damu ya nani iko wapi, maana kuuliza ni kuivunja ndoa yao na kurudisha ng'ombe waliokwisha kufa. Na mimi, niliyekuwa nasahihisha fomu za watu toka Matinyani hadi Mutomo, nilikuwa nimeandika mstari wa uongo kwenye fomu ya ndugu yangu mwenyewe. Susu hakuwa na tone la damu mwilini mwa ndugu yangu. Yule marehemu mwenye kiko pia hakuwa nalo.

Ningenyamaza. Mstari mmoja ungebomoa chuo kikuu gani? Lakini mimi siwezi kuona pindo limeshonwa kombo nikapita. Njiani kurudi nilimwambia yule msichana, nikamwomba abadilishe kimya kimya. Alinishukuru. Akasema badiliko lolote kwenye ukurasa wa familia lazima mwenyewe alithibitishe na kutia sahihi. Nikamwomba angoje mguu upone kwanza. Akasema sawa, nami nikadhani tumeelewana. Baada ya wiki mbili kikundi kiliambiwa kihamie Makueni, na yeye, ili asiache kazi nusu, akapita Kabati nikiwa kwenye chanjo ya watoto. Akanipigia simu kwa sauti nyepesi.

"Mama, usijali. Amekubali vizuri tu. Ametia sahihi."

Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniumiza. Kila nikimtafuta wa kumlaumu narudi kwenye kalamu yangu.

Nilimkuta ameketi kwenye cherehani, hashoni. Juu ya kitambaa cha buluu cha sare kulikuwa na tundu dogo la moto. Miaka yote ile ya kuvuta hakuwahi kuvuta karibu na nguo ya mteja.

"Kumbe si yeye," alisema.

Nilimwambia susu ndiye aliyemlea. Nilimwambia susu alimwita mume wake, alimpa nyama yetu sisi, na upendo hauandikwi kwenye fomu. Nilisema mengi. Nilisema hata kwamba yule msichana anaweza kuwa amekosea.

"Damu nzito kuliko maji, mwana wa mwaitu. Ni wewe ulikuja hapa ukaniambia ni damu. Nilikuwa naongea na mtu hanijui." Alivuta, akashikilia moshi ndani kwa muda mrefu. "Na huyo mwanamume alizaa baba? Mwenyewe kabisa. Kaburi yake iko wapi, nimpelekee chake?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bado alikuwa anapigania mguu. Alihitaji mtu wa kumrudishia kile kitu. Miezi yote hiyo nilikuwa nimezunguka na begi la buluu nikieleza watu habari za ini, na dawa pekee iliyowahi kumfaa ndugu yangu ilikuwa kaburi lenye jina.

Susu mdogo yuko hai. Anaishi na shangazi yetu, kupita mji wa Wote, Makueni, na amezidi miaka tisini, ingawa hakuna aliyehesabu vizuri. Nilikwenda. Nilimkuta juani amekaa juu ya gunia, anapepeta kunde kwa kupapasa, maana macho yamekwisha. Nilimshika mkono, nikamweleza yote, nikamwuliza jina la mwanamume aliyemzaa baba.

"Baba yenu ana baba," alisema. "Ng'ombe zilifika kwetu. Watu walikula, walikunywa."

"Susu, ni mguu wanataka kukata."

"Nimesikia ni mguu." Aliendelea kupepeta. "Yule aliyenioa alikuwa anatukanwa kisimani, anaitwa mti mkavu. Akanileta, nikamzaia. Tangu siku hiyo hakuna mtu alimtukana. Alikufa akiwa na mtoto. Sasa mimi nikikutajia mtu, yeye atabaki na nini?"

Nililia. Nilimwambia sitamwambia mtu mwingine. Nilimwambia hata jina sihitaji, anionyeshe tu upande, ng'ambo ya mto au huku. Alitikisa kichwa. Mwisho nikauliza lililo dogo kabisa, kwamba huyo mtu, alikuwa anatumia tumbaku?

Aliacha kupepeta, akanigeuzia yale macho meupe.

"Nani?" akasema.

Nilirudi Kabati mikono mitupu. Ndugu yangu aliutazama uso wangu, akarudi kwenye cherehani. Alijaribu tena mara mbili kuacha, bila kaburi, kwa nguvu zake tu. Nilikaa naye kibandani siku nzima kama polisi. Nilimwona akishindwa kutia uzi kwenye sindano, na siku ya nne mimi mwenyewe, mwenye msimamo, nilitoka nje nikajifanya nanunua sukari ili avute bila kunitazama. Nilikaa dukani muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Walikata vidole. Kisha, mvua zilipoanza, wakakata chini ya goti.

Muuguzi aliuliza kama mguu tunauacha wauchome au tunauchukua. Nilitaka kusema wauchome. Ndugu yangu, midomo imekauka kwa dawa ya usingizi, alisema tunauchukua.

"Peleka Matinyani. Weka kando ya susu."

"Si ulisema si wako?"

"Na nitampelekea nani mwingine?" Alifumba macho. Nilidhani amelala. "Mwambie mume wake ameanza kuja."

Niliufunga kwa vitambaa vya sare vilivyobaki kibandani. Kabla ya kupanda kwenda Matinyani nilisimama kwa mama anayeuza ugoro pale sokoni, anayenijua kwa vigelegele vyangu vya kanisani, nikanunua kopo. Alinitazama, nikamtazama. Alinipimia vizuri.

Nilichimba mwenyewe kwa jembe, mchana, ardhi ikiwa laini kwa mvua. Nilipomaliza kufukia niliufungua ugoro, harufu ikanipanda vilevile kama nikiwa na miaka tisa. Niligonga kopo mara tatu kwa ukucha. Nikamwaga. Nikampa ujumbe niliotumwa, kwamba mume wake ameanza kuja.

Kisha nikasema ambalo sikutumwa. Nilimwita susu, mimi niliyemkata kwa kalamu. Nikamwambia wa kushoto ndio uliobaki, na cherehani inaweza kukanyagwa kwa mmoja. Huo, nikamwomba, mwachie.